Shangazi Akae Omoni

Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona mito ya viti vya hoteli, nashona mapazia, nashona maturubai ya boti, na mtu akiniletea jaketi la kuelea lililochanika nalishona pia, huku nikimsema. Nayataja haya mapema kwa sababu katika kisa cha mashine ya baba yangu kila mtu alikosea kwa nia njema, lakini kosa la mwisho nililifanya mimi, tena kwa uzi mzuri wa nailoni.

Baba ana boti ya faiba, nyembamba na ndefu, yenye mashine ya nguvu za farasi ishirini na tano. Kijiji chetu kiko baina ya Msambweni na Shimoni. Kazi yake ni kuwachukua wageni wanaoletwa kwa magari kutoka Diani, kuwapeleka upande wa Wasini wakawatazame pomboo, na kuwarudisha wakiwa wamebabuka kwa jua na wamefurahi. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijaolewa. Nimeolewa, nimeachika, nimerudi nyumbani na cherehani yangu, na yeye bado anakwenda.

Tatizo lilikuwa kwamba anakwenda polepole. Boti za wenzake zilikuwa zimeshabadilishwa mashine, sasa zina farasi arobaini, nyingine sitini. Wao wakifika kwa pomboo, wageni wao wanapiga picha na kula ndizi. Baba akifika, pomboo wameshachoka kutazamwa na wamekwenda zao. Wageni wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yakafika kwa kamati ya wenye boti, na kamati ikakaa. Kamati ya kwetu ikikaa, haiinuki bila sheria mpya.

Sheria ilikuwa hii: boti isiyo na farasi arobaini haitachukua wageni tena, isipokuwa ithibitishe mwendo wake. Kuthibitisha ni kubeba watu wazima sita kutoka ufukweni mpaka kwenye boya jekundu na kurudi, ndani ya dakika kumi na mbili. Kila boti itapewa nafasi mbili. Baba alirudi na habari hiyo saa ya chakula cha mchana, akanawa mikono, akala wali wote, halafu akasema, "Wameniachisha kazi kwa adabu."

Sikucheka. Baba alikuwa na rafiki wa ujana aliyeacha bahari mwaka mmoja kabla. Yule mzee alikaa barazani miezi michache, akaanza kuuliza leo ni siku gani, na watu wakazoea kumjibu mpaka ikawa ni salamu. Nilimwona Baba akilitazama sinia tupu na nikaogopa kama mtoto. Mashine ya farasi arobaini hatukuwa na uwezo wa kuinunua, sisi wala ukoo wetu mzima, kwa hivyo hilo halikujadiliwa. Kilichojadiliwa ni namna ya kuipata nguvu ya arobaini ndani ya ishirini na tano.

Kwanza tulimwita fundi kutoka Ukunda, kijana wa bara mwenye mikono myeusi kwa oili na moyo mweupe. Akaifungua mashine, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akatoa kitu fulani kwenye njia ya moshi akasema hicho ndicho kinachoibana. "Mzee, sasa hii kitu itakuwa moto," akasema. Baba akawasha. Mlio uliotoka uliwaamsha watoto wachanga mpaka ng'ambo ya barabara, na mwadhini akatoka msikitini kutazama kuna nini. Boti ilikwenda mwendo ule ule. Fundi alikuwa ametuongezea farasi wa sauti.

Akarudisha kile kitu alichotoa, akaleta propela nyingine yenye mapanga makubwa zaidi. Mashine ikaguna, ikatetemeka, ikaivuta boti kwa shida kuliko kwanza. Akaitoa nayo. Kwa haki yake, fundi hakuficha: "Mzee, mashine yako haina shida. Iko sawa kabisa. Sielewi mbona boti hairuki." Baba naye hakuelewa, na wawili hao wakakaa mchangani wakiitazama boti kama watu waliosusiwa na ng'ombe.

Baada ya hapo ushauri ukaanza kuja bila kuitwa. Mpwa wa Baba alileta stika mpya, nzuri, yenye namba arobaini, akasema tuibandike juu ya ile ya ishirini na tano na mambo yaishe. Baba aliishika, akaigeuza, akamrudishia. "Uongo nimewahi kusema nchi kavu," akasema. "Baharini sijawahi." Nikamwomba basi aende kwa mwalimu wa madrasa akaombewe dua. Alikwenda, akarudi upesi. Mwalimu alimwambia, "Dua ya usalama nitakuombea leo hii. Dua ya mbio, hiyo muombe fundi."

Ndipo Baba akaja na hesabu yake mwenyewe. Kama farasi hawaongezeki, basi mzigo upungue. Akatoa nanga ya pili. Akatoa sanduku la vyuma, birika, mkeka, na dumu la maji ya kutawadhia. Akatoa na mito yangu ya usufi niliyoishona mimi mwenyewe, na hapo nikapandwa na hasira, maana mto wa usufi hauna uzito wa kumzuia hata kuku. "Baba, hivi ni uchokozi," nikamwambia. Akanijibu kwamba kila kitu kinahesabiwa. Halafu akatangaza kwamba anatafuta watu wazima sita, wepesi kuliko wote kijijini.

Jamani, sijui niseme nini kuhusu watu wetu. Mtu ukimwomba akusaidie kuchimba kisima, ana mgongo. Ukimwambia aje apimwe kama ni mwepesi, anakuja na jirani yake. Mizani iliyokuwapo ni ile ya banda la samaki, ya kuning'iniza, yenye ndoana. Ikafungwa kwenye boriti, chini yake ukafungwa wavu wa zamani, na watu wakawa wanakaa ndani ya wavu mmoja mmoja, miguu imekunjwa, huku mama mwenye mizani akisoma. Mama huyo anauza samaki tangu ujana wake na ulimi wake haujui kazi nyingine. "Hamsini na mbili, pamoja na utumbo," alimwita mzee mmoja. Mwingine alimwambia, "Wewe ni wa kukaanga tu, nyama huna." Bibi mmoja alipimwa, akavua bangili zake zote, akataka apimwe tena. Mwanamume mmoja alikosa kwa kilo moja, akaondoka kimya, baada ya saa akarudi kichwa kimenyolewa kipara.

Mimi nilipita. Kazi ya cherehani na chai ya rangi hazijawahi kumnenepesha mtu. Tukawa watano, na mwadhini wa sita, mtu mwembamba ambaye kanzu yake huwa inafika kabla yake.

Watu walikuwa bado wanacheka wakati Shangazi alipoingia bandani.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Anapika mahamri na mbaazi asubuhi, na ni mwanamke mkubwa, mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti. Kila Ijumaa iliyo tulivu Baba humvusha kwenda Wasini kuwaona jamaa wa upande wa mama yao. Nafasi yake botini ni moja tu, tezi, yaani nyuma kabisa, mkono wa kulia wa Baba, karibu na mashine. Huko ndiko hukaa watu wa heshima katika boti za kwetu. Kuna kivuli cha turubai, maji hayakurukii, na unaweza kuzungumza na nahodha. Wageni nao ni watu wa heshima, basi nao Baba huwapanga huko huko nyuma mpaka nafasi iishe. Omo, kule mbele, ni pa kamba na nanga na mtu asiye na wenyewe.

Basi Shangazi akaja moja kwa moja kwenye wavu, akaushika. Baba akaiangalia mizani, akaiangalia boriti, akamwangalia dada yake, na badala ya kusema lolote la maana akasema, "Dada, wewe pumzika tu."

Shangazi akauachia wavu. "Nilikubeba mgongoni miaka mitatu," akasema, na hakupaza sauti, jambo lililotutisha zaidi. "Nikienda kisimani uko mgongoni. Nikienda shamba uko mgongoni. Sikuwahi kukuuliza kilo zako. Leo mimi ndiye mzigo?"

Shangazi akaondoka. Siku ya pili mahamri hayakuja nyumbani kwetu, wala ya tatu, wala wiki iliyofuata. Baba akawa anakunywa chai kavu asubuhi huku akitazama mlango. Nilimwambia aende akaombe radhi. Akasema atakwenda baada ya majaribio, na mimi nikamwambia kwamba kisichoombwa leo kesho huombwa kwa riba. Hakunisikia. Wanaume wa kwetu wakiwa na jambo la mashine hawasikii la mtu.

Siku ya majaribio ufukwe ulijaa. Mwenyekiti wa kamati alikuja na saa ya mkononi na kitabu chake cha kuandikia, kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, ambacho kwake yeye kilikuwa na heshima kuliko yeye mwenyewe. Fundi wa Ukunda alikuja pia, kwa kutaka kujua tu. Boti mbili zilitangulia, zikafaulu. Ikaja zamu yetu.

Tukapanda sisi sita tuliopimwa. Na kwa kuwa wanne kati yetu walikuwa wazee, na mwadhini ni mtu wa dini, Baba akatupanga kwa heshima inavyotakiwa: sote nyuma, tumebanana kwenye mabao mawili ya tezi, magoti kwa magoti. Mwenyekiti akapunga kitambaa, Baba akakaza mashine. Pua ya boti ikainuka juu kama mbuzi anayefuata majani ya juu, nyuma ikazama, na sisi tukawa tunatazama mbingu. Mashine ililia njia nzima. Mwadhini alianza kutapika kabla hatujalifikia boya. Tuliporudi mwenyekiti aliitazama saa, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Dakika kumi na sita."

Baba alibaki ameshika mkono wa mashine, hakushuka. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na mimi ninaujua utulivu ule, ndio aliokuwa nao siku tuliyomzika mama. Nafasi moja ilikuwa imebaki na hapakuwa na kitu cha kutoa botini, labda sisi wenyewe. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu.

Hapo ndipo Shangazi alipoingia majini. Alikuwa amesimama nyuma ya watu muda wote. Akapita katikati yao bila kusema hodi, dera limelowa mpaka magotini, akafika ubavuni mwa boti na kumwambia mwadhini, "Shuka, maskini." Mwadhini akashuka kwa shukrani. Tulijua sote kwamba ameingia kwa hasira, ameingia kwa sababu tumeshashindwa bila yeye, na sasa hakuna wa kusema kwamba mzigo ni yeye. Lakini yuko wapi mtu katika ufuo ule ambaye angemwambia mama yule, mbele ya kaumu, kwamba yeye ni mzito? Baba hakuweza. Mwenyekiti alikitazama kitabu chake. Mimi nilisogea nimpishe nafasi yake ya siku zote.

"Sikai karibu na mtu aliyenipima kwa macho," akasema. Akapita mbele yetu sote, boti ikiyumba kila anapokanyaga, akaenda mpaka omo, mwisho kabisa, akaketi juu ya kamba, akampa mdogo wake mgongo.

Mwenyekiti akapunga kitambaa.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea, ila naweza kueleza nilivyohisi. Pua ilitaka kuinuka, ikashindwa. Ikainuka kidogo, ikarudi. Halafu boti nzima ikapanda juu ya maji, mlio wa mashine ukabadilika ukawa mwembamba, mtamu, na upepo ukanivua mtandio. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nililiona boya likitujia mbio. Bibi aliyekuwa amevua bangili akapiga kigelegele. Shangazi mbele hakugeuka. Maji ya chumvi yalimpiga usoni na kifuani, naye amekaa tu, amenuna, ameshika kingo mbili za boti kwa mikono yake ya kukandia unga. Baba nyuma alikuwa akitabasamu na kufuta macho, na akasema ni marasharasha, ingawa nyuma hakuna marasharasha.

Dakika kumi na moja kasoro.

Fundi wa Ukunda aliingia majini na viatu vyake. "Nimejua!" akapiga kelele. "Nyinyi mmekuwa mkilaza boti nyuma! Kila siku mashine inapanda mlima! Huyu mama ameshusha pua!" Akataka kumshika Shangazi mkono kwa furaha, akatazamwa, akaurudisha. Kwa miaka yote ile, farasi wetu walikuwa wameliwa na adabu.

Mwenyekiti alikuwa na tatizo lake. Kitabu kilikuwa na safu ya idadi ya farasi, na hakikuwa na safu ya Shangazi. Kamati ikajitenga chini ya kivuli cha banda la samaki kujadili. Mmoja akasema farasi ni ishirini na tano, basi. Mwingine akasema mwendo ule si wa ishirini na tano, ukiandikwa hivyo ni kudanganya. Mama mwenye mizani akawaambia kutoka dirishani kwamba tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani nyuma na mbele ni boti ile ile, waandike walichokiona waende wakale. Mwishowe mwenyekiti akaandika kwa mwandiko wake wa mviringo: *Farasi ishirini na tano. Imefaulu, shangazi akae omoni.* Akagonga muhuri juu yake.

Na mtu yule ni wa kufuata kitabu. Asubuhi ya safari ya kwanza alikuja ufukweni kuhakikisha. Fundi akamweleza kwamba uzito wowote ungefaa, hata gunia, hata wageni wenyewe wakipangwa mbele. Mwenyekiti akamwonyesha maandishi. Baba naye, ambaye angeweza kupinga, hakupinga. Alikwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwa dada yake, akasimama nje, akabisha hodi mara tatu. Sijui walisemezana nini. Nilichokiona ni Shangazi akija ufukweni amejifunga leso mpya kiunoni, amebeba bakuli la mahamri. Akalikabidhi kwa Baba kama mtu anayelipa nauli, akapanda, akaenda omo.

Ikawa hivyo karibu miaka miwili. Wageni walimpenda kuliko pomboo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaona pomboo kwanza, akinyoosha mkono na kusema "Hao!" na wageni wote waligeuka bila kuhitaji tafsiri. Niliwashonea mto mpya wa omo, mpana, wa turubai la buluu. Baba alikuwa akimsimulia kila mtu kwamba mashine yake imepata nguvu mpya, na akiulizwa ameifanyia nini, alisema, "Nimeifanyia adabu."

Halafu Shangazi akapatikana na sukari. Daktari alimkataza chai tamu, akamkataza mahamri yake mwenyewe, akamwambia atembee. Shangazi hukataa mambo mengi, lakini aliwahi kumwona jirani amekatwa mguu, basi akatii. Mimi nilikuwa wa kwanza kujua jinsi alivyotii, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimpunguzia madera. Kwanza vidole viwili kila upande. Baadaye vinne. Daktari akamsifu. Shangazi alisimama mbele ya kioo changu, amependeza, amepungua, uso wake umejaa huzuni kama mtu aliyeibiwa.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu nishonee kifuko. Kipana, chembamba, kiingie chini ya mto wangu. Na mdomo wako ufunge."

"Cha nini, Shangazi?"

"Cha mchanga. Babako akijua napungua, ataona pua inainuka, atarudi kuogopa ile kamati. Ana moyo wa kuku yule. Nitajibeba mwenyewe."

Nikamshonea. Nilikuwa na kitambaa kigumu cha pazia la hoteli, chenye maua makubwa ya rangi ya chungwa, kilichobaki kwenye kazi moja ya Diani. Siku mbili tatu baadaye Baba akaingia, akafunga mlango, jambo asilolifanya kamwe mchana.

"Nataka mfuko," akasema. "Uingie chini ya ubao wa omo, usionekane. Nimeona dada anapungua. Akijua kwamba boti haimhitaji tena kama zamani, itamuumiza. Ndiyo kazi iliyomfurahisha kuliko zote maishani mwake. Usimwambie."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, nyinyi wawili kaeni chini. Lakini Shangazi alishaniapisha, na Baba alikuwa amesimama pale akinitazama kwa haya, mzee mzima anaomba mfuko wa mchanga kama anayeomba posa. Nikachukua mkasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Mimi nilijua yaliyokuwamo ndani ya makanda yale, tena nilikuwa nayashona kwa mkono wangu.

Shangazi akapungua tena, akaja kutaka cha pili. Baba akaona amepungua, akaja kutaka cha pili. Cha tatu. Cha tatu. Nilitumia pazia lote.

Ilitokea asubuhi ya bahari nzuri tu. Siku hiyo nilikuwamo botini kupima turubai la kivuli. Kulikuwa na wageni wanne, mume na mke na mabinti wawili wakubwa. Tulipofika kwenye mkondo likaja wimbi la kawaida, la kupandwa na kushukwa. Boti ikalipanda. Kushuka, pua ikaingia majini ikaendelea kuingia, kama mtu aliyeamua kusujudu. Maji yakafunika omo, yakafunika Shangazi mpaka kifuani, yakaja mpaka kwa wageni, ambao walipiga kelele kwa furaha wakidhani ni sehemu ya safari. Baba akapunguza mashine. Ndoo zikatolewa, tukafua maji kuyarudisha baharini, wageni nao wakafua. Mto wa buluu ukaelea. Baba akaenda mbele kumshika dada yake, na ubao wa omo ulikuwa umefunguka kwa nguvu ya maji.

Mifuko mitatu ilikuwa chini ya ubao. Mitatu ilikuwa chini ya mahali pa mto. Yote sita maua ya chungwa.

Waliitazama ile mifuko. Wakatazamana. Halafu, polepole, wote wawili wakageuza shingo wakanitazama mimi, kule tezi, kwenye nafasi ya watu wa heshima, nikiwa na ndoo mkononi.

Hakuna aliyenisema. Ningefurahi kama wangenisema. Shangazi aliketi palepale kwenye maji, dera nililompunguzia limemganda mwilini, na hapo ndipo hata mgeni angeona alivyobaki mdogo. Akauliza, bila kumtazama Baba:

"Nimebaki kilo ngapi?"

"Sijui, dada," Baba akasema. "Sijawahi kukupima."

Shangazi akatikisa kichwa, akafuta uso kwa upande wa leso. Halafu wakaanza kumwaga. Alifungua wa kwake mmoja, akaumimina baharini, Baba akafungua wa kwake mmoja, hivyo hivyo, kwa zamu, kila mmoja akiangalia pua ya boti inakaa vipi, mpaka boti ikakaa sawa na mfuko ukabaki mmoja. Baba akasema huo ni wa dada yake. Shangazi akasema ni wa ndugu yake. Wakaniuliza mimi niliyeshona.

Nilijua. Wa Shangazi nilikuwa nikizishona pembe zake mara mbili, kwa sababu atakaa juu yake. Niliutazama, nikawaambia nimesahau, na Baba akaurudisha mahali pake, akamtengenezea dada yake mto juu yake, akarudi kwenye mashine.